Kuprinti fulana nyumbani kwa pesa ndogo: mwongozo kamili wa skrini kwa sie wa Unguja na Pemba

Nianze na hili mana ndio lililonipotezea miezi mitatu mizima. Ukitafuta mtandaoni namna ya kuanza kuprinti fulana kwa skrini utaonyeshwa mashine ya mikono minne, mtambo wa kukaushia, taa kubwa ya kuchomea, chumba kizima cha giza, mwisho unazima simu unasema aa hii si kazi ya watu kama sie. Mie nimeanzia uwani kwa bi mkubwa, Jang'ombe, juu ya meza ya kulia iliyovunjika mguu, na mpaka leo mashine sina. Huku kwetu mtu haangushwi na ukosefu wa mashine yakhe, anaangushwa na unyevu. Hili neno utalikuta kila mahali humu chini, usichoke.

Kazi yenyewe ikoje? Una fremu ya mbao, umeivika kitambaa cha wavu mwembamba, sie tunakiita meshi, na fremu na meshi yake kwa pamoja ndio skrini. Unaipaka dawa (emulsheni) gizani, ikikauka unaiwekea picha nyeusi juu halafu unaipeleka kwenye mwanga. Palipopigwa na mwanga dawa inaganda, palipozibwa na weusi wa picha haigandi, ukimwagia maji inatoka na kuacha tundu la umbo lile lile. Wino unapita kwenye tundu, kwengine haupiti. Khalas. Mengine yote ni ufundi wa mkono.

Pesa itie wapi

Vitu vitatu usivifanyie ubakhili: meshi, dawa na wino. Hivi vitatu kwa kawaida utaagizia Dar, Kariakoo vimejaa, mtu wako anakutilia kwenye boti, na wa Mkoani na Wete mnajua wenyewe mzigo unavyozunguka kwahiyo agizeni vya kutosha mara moja. Vyengine vyote, fremu, meza, skwiji (ule mpira wenye mti wa kuvutia wino), taa, chumba cha giza, tengeneza mwenyewe au muone seremala.

Meshi ina namba. Namba ile ni idadi ya nyuzi kwa kila sentimita, ikiwa kubwa matundu ni madogo. 43T ndio ya mwanzo, herufi nene, wino mwingi, nzuri kwa wino mweupe juu ya fulana nyeusi. 77T ni ya michoro yenye mistari myembamba na wino wa rangi juu ya kitambaa cheupe. Muuzaji mwengine atakwambia 110 au 200, usichanganyikiwe, anahesabu kwa inchi, 110 ni hiyo hiyo 43T na 200 ni kama 77T. Ukiwa na pesa ya moja tu chukua 43T.

Kuna ujanja wa pazia. Lile pazia jepesi la poliesta linaloonyesha ng'ambo, ukinunua mita moja Mlandege kwenye maduka ya vitambaa, linafanya kazi kwa herufi kubwa. Nimeshaprintia mifuko kwa pazia na mteja hakujua. Ila usilitegemee kwa mchoro mdogo, nyuzi zake hazilingani, herufi ya "e" inaziba tundu na "a" inakuwa kama kokwa la tende. Jifunzie pazia, uzia meshi.

Dawa ziko namna mbili ambazo ni salama kutumia nyumbani. Iko iliyo tayari kwenye kopo, unafungua unapaka, hii inachomeka upesi sana. Na iko ya diazo, inakuja na kichupa cha unga au maji ya kuchanganya, hii inachukua muda zaidi kwenye mwanga na kwa mtu anayejifunza hiyo ni rehema mana ukikosea kwa sekunde kumi haikuadhibu. Ukishaichanganya iweke kwenye friji, inakaa wiki kadhaa, na mwambie kila mtu nyumbani kama si maziwa ya mgando. Ukinunua uliza neno moja: inastahamili wino wa maji? Kama haistahamili itaanza kuyeyuka ukifika fulana ya kumi na tano. Iko namna ya tatu, gundi nyeupe inayochanganywa na unga wa rangi ya machungwa unaoitwa bikromati, rahisi kweli na mafundi wa zamani wanaipenda, mie sikushauri kabisa, ule unga unaunguza ngozi na unahusishwa na saratani, na wewe unafanyia kazi uwani ambapo watoto wanacheza.

Fremu

Picha ya saizi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, lakini fremu haiwi ya A4, lazima ubaki uwanja wa kuweka wino juu na chini na pembeni, kwahiyo ndani ya fremu iwe sentimita 40 kwa 50. Chukua mbao kavu, mbili kwa mbili, mwambie seremala azipige randa na azifunge kwa gundi na skrubu, misumari peke yake inalegea. Ikishaisha ilaze juu ya sakafu ya marumaru uiguse kila pembe, ikicheza hata kidogo irudishe, usione haya, mana fremu iliyopinda inaprinti upande mmoja tu na utakuja kudhani mkono wako ndio mbovu. Halafu ipake vanishi mara mbili. Hii watu wanairuka. Fremu yako itaoshwa kila siku ya kazi, mbao tupu ikinywa maji inapinda na meshi inalegea.

Kuvuta meshi: irowanishe kidogo, iwe kubwa kuliko fremu sentimita tano kila upande. Piga stepla katikati ya upande mmoja, nenda upande unaoutazama, vuta kwa nguvu, piga katikati, kisha pande mbili zilobaki hivo hivo katikati, ndio sasa uende pembeni ukipiga kidogo huku kidogo kule. Usimalize upande mmoja kwanza, itakunja. Chini ya stepla weka utepe wa kitambaa ili pini zisichane nyuzi, na pini zikae mshazari. Ukimaliza igonge kwa kidole, itoe sauti kama kigoma. Ikitoa sauti ya godoro, ng'oa, anza upya.

Kabla hujapaka dawa ioshe kwa sabuni ya vyombo na sponji laini, hata kama ni mpya. Mafuta ya vidole vyako yanatosha kuifanya dawa itoke vipande vipande.

Kupaka dawa, na hapa ndio penye kazi

Chumba cha giza hakihitaji kuwa chumba. Dawa inaogopa mwanga wa jua na taa nyeupe, haiogopi balbu ya njano isiyo kali. Mie napakia chooni usiku, dirishani nimetundika kaniki, balbu ya njano imewekwa nje ya mlango, na nimeshakubaliana na watu wa nyumbani kwamba kuanzia saa tatu mpaka saa nne choo ni changu.

Cha kupakia, kama huna kile kihori chenyewe, mwambie fundi wa madirisha ya aluminiamu akukatie kipande cha mfereji wa aluminiamu, pana kidogo kuliko picha yako, azibe pembeni, alainishe ukingo kwa msasa. Simamisha fremu ukutani, tia dawa ndani, inamisha mpaka dawa iguse meshi, kisha panda nayo juu polepole kwa mkono mmoja usiosimama. Mara moja upande wa chini (upande utakaogusa fulana), mara moja upande wa ndani. Basi. Mtu anayeanza siku zote anapaka nene akidhani ndio imara, na nene haikauki.

Sasa kukausha. Nisikilize vizuri. Skrini inalazwa, upande wa kugusa fulana uwe chini, kwenye giza, feni inapuliza. Vitabu vya wenzetu wa nchi kavu vinasema saa moja au mbili. Vinasema hivo kwa vile hewa yao ni kavu, hewa inayotakiwa kwa kazi hii ni ya unyevu chini ya asilimia 50, na ya kwetu aghalabu iko juu ya 70, masika usiseme. Skrini yangu ya kwanza niliipaka mwezi wa nne, nikaiacha saa mbili, nikaigusa nikaona kavu, nikaichoma, nikaiosha, na dawa yote ikashuka kama uji. Nikarudia. Ikashuka. Nikailaumu dawa, nikamlaumu muuzaji, nikanunua dawa nyengine kwa mtu mwengine, ikashuka vile vile. Kumbe juu ilikuwa kavu na ndani mbichi, na dawa mbichi haigandi hata uitie jua la siku nzima.

Suluhisho lake ni hivi. Chukua boksi kubwa la televisheni au friji, toboa tundu upande mmoja uweke feni ndogo, upande wa pili tundu la hewa kutoka, yote mawili yawekee kadibodi kwa ndani ili mwanga usipite moja kwa moja. Ndani panga vijiti viwili vya kulazia fremu. Kaskazi ikivuma, saa tatu zinatosha. Masika mie naacha usiku kucha, na kama kuna jamaa mwenye chumba cha AC namuomba, AC haipoozi tu, inakamua maji hewani, ni mashine bora ya kukaushia skrini ambayo hakuna anayekwambia. Draya ya nywele ni sawa kwa moto mdogo, usiiunguze, ikipata joto sana inaganda bila ya mwanga.

Kujua kama imekauka: iguse kwa mgongo wa kidole upande wa dawa. Ikiwa baridi kuliko mbao, bado ina maji. Ikiwa sawa na mbao, twende.

Picha

Chora kwenye simu au kompyuta, iwe nyeusi tupu, hakuna kijivu. Kama ni jina la kanga, pindo, au nembo ya timu, kwa kuanzia ibaki rangi moja. Peleka steshenari ikatolewe kwa printa ya leza kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Nyeusi ya printa nyingi za mtaani si nyeusi, ukiinua juu unaona mwanga unapenya, kwahiyo toa mbili uzilaze moja juu ya nyengine ziungane sawasawa, funga kwa selotepu.

Huna karatasi ya plastiki? Toa kwenye karatasi ya kawaida kwa leza, pakaza mafuta ya kupikia kwa pamba nyuma, subiri dakika chache, futa yaliyozidi mpaka isiwe inachuruzika. Karatasi inakuwa kama kioo cha ukungu na mwanga unapita. Inahitaji muda zaidi kwenye jua, lakini inafanya kazi, wallahi nimeitumia mwaka mzima. Karatasi iliyotoka printa ya wino wa maji usiipakaze mafuta.

Upande wa kuweka picha ndio ulionitia aibu. Fremu imegeuzwa, upande wa kugusa fulana uko juu unakutazama, picha unailaza hapo na maandishi lazima uyaone YAMEGEUKA, kinyume, kama kwenye kioo. Ukiyasoma vizuri umekosea. Nilitengeneza skrini ya kikundi cha akina mama, nikaiosha vizuri kabisa, nikaprinti fulana kumi na mbili mbio mbio usiku umeme usije ukakatika, asubuhi bi mkubwa anainua moja anauliza, mwanangu hichi Kichina?

Kuchoma kwa jua

Umeme wetu tunaujua, na wakubwa mnalikumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima. Kwahiyo jifunze jua kwanza, taa baadae. Tuko digrii sita tu kusini ya ikweta, jua letu ni mtambo wa bure.

Panga gizani hivi kutoka chini: kibao, sponji iliyovikwa kitambaa cheusi inayoingia ndani ya fremu na kusukuma meshi kwa juu, fremu yenyewe imegeuzwa, picha, kioo cha milimita nne au tano. Kioo kibane kwa vibanio au matofali pembeni ili picha igandamane na dawa bila ya nafasi, mwanga ukipata pa kupenyeza chini ya picha kingo zinakuwa na ukungu. Funika vyote kwa blanketi, toka nje. Saa za kazi ni tano asubuhi mpaka saa nane, jua likiwa juu. Kileleni kabisa kwetu linafika kama saa sita na dakika ishirini hivi, si saa sita kamili. Elekeza kibao kilitazame jua uso kwa uso, funua, hesabu, funika, rudi ndani.

Uhesabu ngapi? Hapa ndio kila mtu anataka namba na namba ya mwengine haitakusaidia, kila dawa na kila anga lina lake. Fanya jaribio mara moja: paka skrini ndogo, weka picha yenye herufi ndogo na kubwa, ifunike kwa kadibodi ubakishe ukanda mmoja, kila baada ya sekunde 20 isogeze kadibodi ufungue ukanda mwengine, mpaka upate kanda nane. Ukanda wa kwanza utakuwa umekula sekunde 160, wa mwisho 20. Ioshe. Pale dawa inapoteleza kama bamia kwa upande wa ndani, muda ulikuwa mdogo. Pale herufi ndogo zilipogoma kufunguka, muda ulikuwa mwingi. Katikati yao ndio muda wako. Kwa dawa ya diazo na karatasi ya mafuta endesha jaribio kwa hatua za dakika badala ya sekunde 20. Na wingu likipita katikati ya kuhesabu usijifanye hujaliona, funika, subiri lipite, endelea.

Baadae ukipata pesa nunua taa ya LED ya miale ya urujuani, yenye nanomita 395 au 405, wati 50 inatosha kwa kuanzia, itundike sentimita 40 juu ya kioo na ufanye jaribio lile lile. Usiikodolee macho.

Kuosha: maji baridi, rowanisha pande zote mbili, subiri dakika moja mpaka mbili, dawa ya kwenye picha inavimba na kuwa na rangi hafifu, kisha rusha maji kwa mpira uliobana mdomo kwa kidole, au kile kipampu cha kupulizia miti. Usisugue. Ikishafunguka yote ikaushe, halafu irudishe juani dakika kumi bila ya picha, hii inaifanya igande zaidi na istahamili maji ya wino. Inua uitazame na mwanga, vitundu vidogo vya vumbi vipake dawa kwa brashi au bandika selotepu. Pembe zote za ndani ziba kwa selotepu pana, wino usitoroke.

Meza na skwiji

Meza ni plaiwudi. Juu yake funga ubao wa kuvalisha fulana, sentimita 35 kwa 45, umeinuliwa kwa vipande vya mbao ili fulana iingie chini na mgongo usishikane na kifua. Fremu ifunge nyuma kwa bawaba mbili za pini inayochomoka, ukibadilisha fremu unachomoa pini tu. Kwenye pembe mbili za mbele za fremu bandika sarafu moja moja kwa chini, na nyuma inua bawaba kiasi hicho hicho, ili meshi isiguse fulana mpaka skwiji ipite, nafasi ya milimita mbili tatu. Bila ya nafasi hii meshi inanata na picha inachafuka.

Skwiji: mpira wake nunua kwa sentimita, ugumu wa 70, mti wake mpe seremala achonge mfereji. Ipite picha sentimita mbili kila upande. Kipande cha kandambili nimejaribu, usijisumbue, kinapinda na kinaacha mistari.

Wino

Anza na wino wa maji. Iko na namna nyengine, wino wa plastiki wa mafuta (plastisoli), inapendwa kwa vile haikauki kwenye skrini, lakini haikauki hata kwenye fulana mpaka ipate joto la kama digrii 160 sawasawa, na kwa pasi ya nyumbani utamuuzia mtu fulana itakayobanduka.

Wino wa maji unauziwa bainda, ile krimu, na rangi pembeni. Kilo moja ya bainda tia gramu 50 za rangi. Unaweza kuongeza ikolee, ila ukifika gramu 100 simama, inayozidi haishikwi na itatoka kwenye beseni la kwanza la kufua. Kwa fulana nyeusi nunua wino mweupe mzito ulio tayari, ule wa bainda ya kawaida ukikauka juu ya nyeusi unapotea hauuoni. Na uangalie lebo ya fulana: pamba ndio rafiki. Jezi za poliesta zina wino wake.

Kitambaa kipya kifue kwanza, hasa bafuta na kanga mpya, kina wanga, wino unakaa juu ya wanga badala ya kuingia ndani.

Sasa geuza kichwa. Ile kaskazi niliyoisifu kwa kukausha dawa ndio adui yako wakati wa kuprinti, wino unakauka ndani ya matundu na ukifika fulana ya tano nusu ya picha haitoki. Zima feni. Weka chupa ya kupulizia maji pembeni, puliza ukungu mdogo kila baada ya fulana kadhaa. Gliserini ya famasi, vijiko viwili vya chai kwenye nusu kilo ya wino, inauchelewesha kukauka. Masika kinyume chake, wino unatulia raha mustarehe na skrini ndio haikauki. Kwahiyo mie skrini nyingi nazitengeneza kaskazi, na oda kubwa naipenda siku za mvua.

Kuvuta

Valisha fulana ubaoni, gundi kidogo au tepu ya pande mbili ili isipande juu na meshi. Mwaga wino upande wa karibu na wewe mstari mzima. Fremu ikiwa imeinuliwa kidogo, sukuma skwiji kwenda mbele kwa wepesi bila ya kukandamiza, wino ujaze matundu. Shusha fremu, simamisha skwiji kama nyuzi 60 hivi, vuta kuja kwako kwa nguvu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, usisimame katikati. Inua. Na papo hapo jaza tena wino kabla hata hujaivua fulana, skrini isibaki tupu, tupu inaziba.

Printi tano za mwanzo kwenye vitambaa vibovu. Ukiona kingo zina manyoya, umekandamiza sana au wino mwepesi. Ukiona mabaka, mkono haukulingana au fremu imepinda, nilishakwambia. Nyeupe juu ya nyeusi inahitaji mara mbili: printi, ikaushe kwa draya mpaka isinate kidoleni, printi tena bila ya kuisogeza fulana.

Kisha anika kivulini siku moja. Kesho yake piga pasi, moto wa pamba, mvuke umezimwa, juu yake karatasi ya kuokea au kitambaa chembamba, dakika tatu mpaka nne kila picha, huku unaisogeza. Kisha igeuze upige na ndani. Umeme ukikatika pasi ya mkaa inafanya kazi hii vizuri kuliko unavyodhani, ile ina uzito na joto lake halichezi, chunga majivu tu. Kabla hujamkabidhi mteja chukua moja uifue kwa sabuni mara tano. Ikitoka rangi, pasi haikutosha.

Bei, kwa ufupi

Namba hizi za mfano tu. Tuseme fulana umeichukua 7,000, wino 800, umeme na maji 200, na katika kila 20 unaharibu moja kwahiyo ongeza 350, jumla 8,350. Skrini yenyewe, dawa, karatasi na usiku wako, sema 15,000. Mtu akitaka fulana 10 kila moja inabeba 1,500 ya skrini, imekugharimu 9,850. Akitaka 50 inabeba 300 tu, 8,650. Ndio mana anayetaka fulana mbili mwambie bei ya kweli usimuonee haya hata akiwa shoga yake bi mkubwa. Soko lipo, timu za mtaani, mahafali ya skuli, sare za shughuli, na mifuko ya kitambaa kwa maduka kwa vile ya plastiki ilishapigwa marufuku. Nembo za klabu kubwa na picha za watu usiziguse bila ya ruhusa, COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, wapo. Kazi ikikolea andikisha jina la biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar.

Kusafisha

Ukimaliza kuprinti tu, osha. Si baada ya chai. Wino wa maji ukikauka ndani ya meshi hautoki tena na skrini imekufa. Kwanza kwangua wino wote urudi koponi, halafu futa kwa gazeti, ndio uoshee kwenye beseni. Maji ya mwanzo yaache yatulie usiku kucha, mwaga yaliyo juu, mashapo yafunge kwenye gazeti uyatupe na taka. Usimimine karibu na kisima, ardhi yetu sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe na kitu kinashuka chini upesi sana.

Kutoa dawa iliyoganda ili utumie meshi upya kuna maji yake maalum, ndio bora. Jik nayo inatoa dawa nyingi ingawa si zote: vaa glavu, pakaza nje penye hewa, subiri dakika kumi, sugua, suuza sana. Na Jik usiikutanishe na siki, ndimu, wala ile asidi ya kusafishia choo, inatoa moshi wa klorini unaoua, na kumbuka sote tunafanyia kazi hii chooni.

Ukutani nimetundika fremu zangu zote, na kila moja nimeiandikia ubavuni kwa kalamu ya kioo: dawa gani, sekunde ngapi, saa ngapi ya jua, mwezi gani. Ndio daftari langu. Ile ya mwezi wa nne pia ipo, imeandikwa "saa mbili, haikukauka", na ile ya Kichina bi mkubwa hataki kabisa niikwangue.